Mnaongelea skrini tu, mlangoni pa stoo hamjafika

Ndugu Mhariri,

Salaam. Nimeisoma ile makala yenu kuhusu teknolojia ya kidijitali kwenye ugavi na usafirishaji, nimeisoma mpaka mstari wa mwisho, na mwandishi kajitahidi kwa kweli, ila kuna kitu kimenikera nikaona nisikae nacho. Makala nzima inaongelea skrini. Bosi anaona mzigo wake umefika wapi, bosi anaona stoki iliyobaki, bosi anaona gari limesimama wapi na kwa muda gani, alafu akili bandia inamwambia aagize nini mwezi ujao. Sawa. Ila hakuna sentensi hata moja inayouliza hizo namba zimeingiaje humo ndani. Nani kaziingiza, saa ngapi, akiwa amesimama wapi, na zikiwa na kosa nani ana ruhusa ya kulisahihisha. Mimi ni mtu wa stoo, kazi yangu kwa miaka ni kupokea na kutoa mizigo, na ninavyoona mimi hapo ndo penyewe.

Ngoja niwaeleze kinachotokea mlangoni. Lori linaingia jioni, dereva kachelewa na anachotaka ni saini yake aondoke, nyuma yake kuna malori mengine mawili yanapiga honi. Paleti, lile jukwaa la kupangia katoni, inashushwa na folklifti, kile kigari cha kunyanyulia mizigo, ina katoni 48 za bidhaa moja, au angalau ndivyo delivari noti, karatasi inayokuja na mzigo, inavyosema. Utaratibu ulioandikwa unasema skani kila katoni. Mpokeaji anaskani katoni moja ya juu, anaandika 48 kwa kidole, anabonyeza kukubali, paleti inayofuata. Kule ofisini kwenye skrini inaonekana safi kabisa kwamba mzigo umeskaniwa, umepokelewa na fulani saa fulani, kila kitu kijani. Kumbe katikati ya ile paleti kuna katoni sita za saizi nyingine, maana saplaya aliishiwa akajazia, na batchi, yaani mikupuo ya uzalishaji, ziko mbili zimechanganyika, moja muda wake unaisha mapema kuliko mwenzake. Sistemu haijui hilo, na haitajua mpaka siku mteja atakapofungua katoni akute kitu ambacho hakuagiza, na hapo lawama anatupiwa mtu wa kupakia ambaye alichukua alichoambiwa achukue.

Mtasema huyo mpokeaji mzembe. Mimi nasema hapana. Skana yenyewe betri inakufa mchana, netiweki haifiki kwenye rafu za mwisho kwa sababu chuma na bati vinazuia mawimbi, stika ya bakodi, ile mistari myeusi ya kuskani, imechapishwa na printa inayoishiwa wino alafu juu yake pamezungushiwa nailoni inayong'aa, unaskani mara nne kinalia tu kwa hasira, na wakati huohuo huyu mtu anapimwa kwa dakika ambazo lori limekaa mlangoni. Hakuna mtu anayempima kwa usahihi. Sasa wewe ungefanyaje?

Na nisieleweke kwamba napinga teknolojia, hapana, bakodi ni kati ya vitu vya akili sana vilivyowahi kuingia kwenye biashara. Ilianza kutumika dukani tarehe 26 Juni 1974, supamaketi moja ya mji wa Troy, Ohio, Marekani, na kitu cha kwanza kupita kwenye skana kilikuwa pakiti ya chingamu za Wrigley's. Watu wengi wanaiona ile mistari na zile namba chini yake hawajui kwamba namba ya mwisho kabisa, ya 13, sio ya bidhaa, ni ya ukaguzi. Unachukua zile 12 za mwanzo, ya kwanza unazidisha kwa 1, ya pili kwa 3, inayofuata kwa 1 tena, unaenda hivyohivyo, unajumlisha, na kile kinachopungua kufikia kumi inayofuata ndo namba ya mwisho. Ukikosea tarakimu moja tu hesabu inakataa. Kontena nazo zina kitu kama hicho, herufi nne, tarakimu sita, alafu moja ya ukaguzi, ndo maana karani wa bandarini akiandika namba vibaya sistemu nzuri inamgomea papo hapo. Mtu aliyekaa akafikiria hivyo alikuwa anamjua binadamu, alijua tutakosea, akaweka kizuizi palepale kosa linapozaliwa. Ndo aina ya teknolojia ninayoiheshimu. Lakini hata hiyo inachokagua ni namba. Ndani ya katoni haingii.

Kitu kingine ambacho makala haikukigusa ni zile taarifa za mwanzo za bidhaa, yaani jina, kipimo, uzito, urefu, katoni moja ina pisi ngapi. Hii kazi inaonekana ya kitoto, mara nyingi anapewa kijana aliyeanza kazi juzi, ajaze bidhaa elfu kadhaa kwenye Excel kabla ya siku ya uzinduzi. Kampuni moja niliyowahi kufanyia kazi, siitaji, kipimo cha bidhaa fulani kwenye sistemu kilikuwa pisi, saplaya yeye akawa anauza kwa katoni, na hakuna aliyesema hesabu ya katikati ni ipi. Mtu wa manunuzi akaagiza 24 akimaanisha pisi, zikaja katoni 24, na kila katoni ina pisi 24 ndani yake. Tukakosa pa kupita. Mzigo umejaa mpaka kwenye njia ya folklifti, na sistemu kwa utulivu wake wote inasema ziko 24, na kwa sababu 24 iko chini ya kiwango cha chini ilichowekewa, ikapendekeza tuagize tena! Watu wa ofisini walipopigiwa simu wakasema tusiguse kitu, wanasubiri mtaalamu wa kampuni iliyowauzia programu. Mtaalamu alikuja kwa muda wake. Sisi muda wote huo tunaruka katoni.

Na msidhani ni mambo ya kampuni ndogo tu. Target ya Marekani, duka kubwa lile lenye pesa na wataalamu, iliingia Kanada mwaka 2013, ikafungua maduka zaidi ya 100 kwa muda mfupi sana na sistemu mpya kabisa. Taarifa za bidhaa zilijazwa kwa haraka haraka, vipimo vya inchi mahali palipotakiwa sentimita, upana umeandikwa mahali pa urefu, bei kwa sarafu ya nchi nyingine. Matokeo yake maghala yakafurika mizigo huku rafu za madukani ziko tupu, wateja wanaingia wanatoka mikono mitupu. Januari 2015 wakatangaza wanafunga maduka yote 133 na watu zaidi ya 17,000 wakakosa kazi. Sisemi ni data peke yake iliyowaangusha, walikimbilia mambo mengi kwa mpigo, lakini waliokuwepo walipokuja kuhojiwa baadaye hiyo data waliitaja sana.

Sasa tuje kwenye stoki hewa, maana huu ni ugonjwa ambao kila mtunza stoo anaujua na wauza programu hawapendi kuusikia. Sistemu inasema una 12, rafuni hakuna kitu. Labda ziliibiwa, labda zilivunjika hakuna aliyeandika, labda ziliwekwa rafu nyingine. Kama watu wanaagiza wenyewe kwa macho, mtu atapita ataona pengo ataagiza. Ila ukishaiachia mashine iagize yenyewe, yenyewe inaona 12, imeridhika, haiagizi, na kwa sababu haiuzwi, ile 12 haishuki, basi inakaa hivyo miezi na bidhaa haipo. Ripoti ya mauzo inasema bidhaa hii haina wateja. Akili bandia nayo inakuja juu yake inajifunza kwamba kweli haina wateja, inashauri mpunguze kuagiza. Unaona mambo yanavyokwenda? Kosa dogo la mtu mmoja linapandishwa cheo linakuwa utabiri wa kitaalamu.

Dawa yake ipo na sio ghali. Hesabu kidogo kidogo kila siku, rafu chache asubuhi kabla malori hayajaanza kuingia, zile zinazotoka sana zihesabiwe mara nyingi zaidi, badala ya kungoja mwisho wa mwaka kufunga stoo siku mbili na kukesha mnahesabu huku mmechoka. Mwisho wa mwaka ni funika kombe mwanaharamu apite, mnarekebisha namba zilingane na rafu, mkaguzi anasaini, sababu ya tofauti haijulikani na mwakani inarudi ileile. Ukihesabu kila siku tofauti ikitokea bado kumbukumbu ya jana iko kichwani, unajua ni lori lipi na nani alikuwa zamu. Alafu huyo anayehesabu apewe ruhusa ya kusema hapa pana kosa bila kuogopa kukatwa mshahara. Sehemu nyingi tofauti ikionekana inageuzwa deni la mtunza stoo. Mtunza stoo sio mjinga, kesho tofauti haitaonekana tena kwenye sistemu, ila rafuni itakuwepo.

Kuna kipande kimoja cha makala nakiunga mkono kwa asilimia mia, pale mwandishi aliposema kampuni zinazofanya kazi pamoja zinatakiwa zionyeshane taarifa. Tatizo la kutoonyeshana lina historia ndefu. Jay Forrester wa chuo cha MIT alilieleza tangu mwaka 1958: mauzo dukani yakipanda kidogo tu, duka linaagiza zaidi kidogo kwa kujihami, msambazaji anaona oda imepanda naye anaongeza ya kwake kwa kujihami, kiwanda kinaona ongezeko kubwa kinaongeza zamu ya usiku, na wote hakuna aliyedanganya. Baada ya muda mauzo yanarudi kawaida, kiwanda kinabaki na milima ya mizigo, kinapunguza watu. Procter & Gamble waliliona hilohilo kwenye nepi za Pampers, watoto wanatumia nepi kwa kiwango kilekile wiki hadi wiki lakini oda zinazofika kiwandani zinapanda na kushuka kama kichaa. Tatizo ni kwamba kila mmoja anaona oda ya aliye mbele yake, haoni kinachouzwa kwa mteja wa mwisho. Na hapo ndipo dijitali ingefanya kazi kubwa kweli, kumpa kiwanda macho ya kuona mauzo ya dukani ya jana.

Ila mwandishi akaandika kana kwamba kinachokosekana ni programu. Programu zipo! Kampuni ya meli ya Maersk na ile ya kompyuta ya IBM walitengeneza moja inaitwa TradeLens, mwaka 2018, kwa teknolojia ya blokucheni, yaani daftari la kidijitali ambalo wengi wanalishika kwa pamoja, ili meli, bandari, forodha na wenye mizigo wote waone nyaraka zilezile mahali pamoja. Kampuni kubwa, pesa ipo, wataalamu wapo. Novemba 2022 wakatangaza wanaifunga, na wenyewe walisema ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Hebu fikiria wewe una kampuni ya meli, mshindani wako mkubwa anakwambia leta taarifa za wateja wako tuziweke kwenye jukwaa langu. Utapeleka? Hapo hakuna programu ya kompyuta inayosaidia, ni mambo ya kuaminiana na mikataba, nani anaona nini, nani anamiliki, na ukijitoa unaondoka na data yako au unaiacha. Sheria nazo zilikuwa nyuma. Hati ya shehena, ile karatasi inayompa aliyeishika haki ya kudai mzigo, Uingereza imekubali kwa sheria kwamba yaweza kuwa ya kielektroniki mwaka 2023 tu, na sheria ya Uingereza ndo inayotumika kwenye mikataba mingi ya meli duniani. Kwahiyo miaka yote hiyo watu wana setilaiti zinazoonyesha meli iko wapi, alafu karatasi inasafirishwa kwa ndege kwenye bahasha, na mzigo ukitangulia kufika unakaa bandarini unaisubiri bahasha huku gharama za kuchelewa zinahesabiwa.

Tukiwa kwenye kufuatilia mizigo, niseme kidogo tu. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipokwama mfereji wa Suez, dunia nzima iliiona, kila mwenye simu aliweza kufungua ramani akaiona imekaa mshazari na foleni ya meli nyuma yake. Iliendelea kuonekana vizuri siku sita, mpaka uchimbaji wa mchanga, matagi, zile boti za kuvuta meli, na maji kujaa vilipoitoa. Wenye mizigo waliopona haraka ni wale waliokuwa tayari wana orodha ya nini kiko ndani ya kontena lipi na kipi kinaweza kununuliwa kwingine. Kile kidoti kwenye ramani kilimsaidia yule tu aliyekuwa na uamuzi wa kufanya. Na madereva wetu wanaofungiwa GPS wanalijua hili kwa upande wao, simu zinaanza "mbona umesimama", "mbona umesimama", wakati anayepiga anaona kabisa amesimama nje ya geti la mteja yuleyule ambaye kila siku anakaa masaa hajafungua. Ile data ya masaa ya getini ipo, imejaa, ila sijaona mara nyingi ikipelekwa kwa mteja kwamba ndugu, geti lako linatugharimu. Inatumika kumbana dereva tu.

Mwisho kuna suala la siku mambo yakizima, na hapa makala ilikaa kimya kabisa. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vya NotPetya viliingia Maersk kupitia programu ya uhasibu iliyokuwa inatumika Ukraine. Kompyuta zikafa moja baada ya nyingine, mageti ya bandari zake yakasimama, malori yakapanga foleni, oda hazipokeleki. Wakafunga upya kompyuta 45,000 na seva 4,000 ndani ya siku kama kumi, na hasara wenyewe waliikadiria dola milioni 200 mpaka 300. Na ilivyokuja kuandikwa baadaye, nakala salama ya ile seva muhimu inayotambua watumiaji na kompyuta zote ilipatikana ofisi ya Ghana peke yake, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko kabla virusi havijafika! Katika siku hizo kumi mizigo iliendelea kutembea kwa kiasi kikubwa tu, kwa sababu watu walishika karatasi, simu za mkononi na WhatsApp, na walikuwepo watu wanaoijua kazi yenyewe mbali na vitufe. Leo nikiangalia vijana tunaowapokea, wengi wanajua kubonyeza, ukimwambia andika kadi ya stoki kwa mkono, kilichoingia, kilichotoka, salio, anakutazama. Sio kosa lake, hakuna aliyemfundisha, na fomu zenyewe za karatasi zilishachomwa siku ya kusherehekea kwamba sasa tumekuwa wa kidijitali.

Kwahiyo kama kuna bosi anasoma hapa na yuko karibu kusaini mkataba wa sistemu mpya, naomba amuulize muuzaji swali moja, na amuulizie palepale mlangoni pa stoo, sio kwenye chumba cha mikutano chenye kiyoyozi: lori limefika, intaneti haipo tangu asubuhi, mpokeaji anafanya nini? Na mtandao ukirudi saa kumi, nani anaingiza yaliyotokea, na yanaingia kwa saa ipi, ili mzigo uliopokelewa saa tatu usije ukaonekana umeingia baada ya ule uliotoka saa saba na stoki ikasoma hasi? Wapo wauzaji wanaojibu vizuri, watakwambia skana inahifadhi yenyewe ndani kila tukio na saa yake, ikipata mtandao inapeleka kwa mpangilio, na watakuonyesha hapohapo kwa kuzima mtandao. Wengine watafungua kompyuta waanze kukuonyesha grafu za rangi. Hao wakaribishe chai, mkataba usisaini.

Ni mimi msomaji wenu,
Mtunza stoo